Pagale langu, bati zake: tulivyoandikiana mkataba wa mali kabla ya ndoa (uzi mrefu, kaeni mkao wa kula)

binti_wa_bunju

Wakuu, habari za jioni. Humu mimi ni msomaji wa kimyakimya wa miaka mingi, leo nimeamua nami nifungue uzi. Kila mada ya mkataba wa mali kabla ya ndoa ikiletwa, ukurasa wa pili tu mmeshafika kwa matajiri wa Marekani na wacheza mpira waliofilisiwa na wake zao. Mimi si tajiri. Nina kiwanja kimoja Bunju na pagale la vyumba vitatu lililofika kwenye lenta. Hilo pagale ndilo lililotupeleka kwa wakili, mimi na huyu ambaye sasa ni mume wangu, wiki saba kabla ya harusi.

Kiwanja nilinunua 2017, mkataba wa mauziano ukagongwa muhuri wa serikali ya mtaa, jina langu peke yangu. Msingi 2019. Kuta zilipanda kwa kudonoa: nikipata hela ya zamu za ziada hospitalini namwita fundi, anapanga kozi nne tano, hela ikiisha anasafisha mwiko wake anaondoka. Mwishoni mwa 2021 tukamwaga lenta, na mimi nikawa nimekauka kabisa. Nondo za nguzo za baraza zikabaki zimechomoza zinapata kutu. Mpapai ukaota sebuleni.

Huyu mwenzangu alipoliona mara ya kwanza alilizunguka lote, akagonga ukuta kwa ngumi kama mtu anayechagua tikitimaji, akasema: "Hili tukilipaua mwaka huu, mwakani tunahamia." Nilifurahi kweli. Usiku nikakosa usingizi kwa sababu ya hiyo "tukilipaua". Tukishalipaua, nyumba ni ya nani?

Ndipo nikaanza kuisoma Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo ndiyo yetu huku Tanzania Bara. Kifungu cha 58 kinasema ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali ya mtu, isipokuwa wahusika wawe wamekubaliana waziwazi vinginevyo. Cha 60 kinasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja itachukuliwa ni yake mwenyewe mpaka ithibitishwe vingine, na ikiwa kwa majina ya wote wawili itachukuliwa ni sawa kwa sawa. Ukiishia hapo unalala usingizi mzuri. Lakini ukishuka mpaka cha 114 unakuta mahakama imepewa mamlaka ya kugawa mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja pale ndoa inapovunjwa, na kifungu kidogo cha tatu kinaingiza humo mali ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa lakini ikaja kuboreshwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake, au na wote wawili kwa pamoja. Nilikisoma mara tatu. Waliokitunga 1971 walikuwa wameshaliona pagale langu.

Na niseme ukweli, sioni ubaya wake. Mtu aliyeweka kenchi, bati, dari, milango na umeme hawezi kuambiwa siku moja achukue begi lake la nguo aondoke. Kilichoniogopesha ni kwamba miaka kumi mbele hakuna atakayekumbuka pagale lilikuwaje siku ya harusi. Mimi nitasema niliacha nyumba nzima, yeye atasema alikuta magofu, na hakimu atakuwa hajawahi kufika Bunju.

Jioni moja tukiwa kwa muuza chipsi nikaleta hoja. Neno mkataba sikulitaja. Nilitoa kaunta buku, nikapiga mstari katikati ya ukurasa, jina langu kushoto, lake kulia. Nikamwambia kila mtu aandike alicho nacho na anachodaiwa. Mimi nikaandika kiwanja, pagale, akiba ya kazini, deni la kikoba laki nne. Yeye akaandika pikipiki, akaandika mkopo wa bodi wa chuo ambao bado anakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, halafu kalamu ikasimama. Chipsi zikapoa. Muuzaji akaja kuuliza kama tunaongeza mayai. Alipoondoka, mwenzangu akaandika: Saccos, milioni sita na nusu. Alikopa kumpaulia mama yake nyumba huko Same na kumlipia mdogo wake ada.

Tulikuwa na mwaka na miezi minane ya uchumba na deni hilo sikuwahi kulisikia. Sikugombana naye. Nilichofanya ni hesabu ya harakaharaka kichwani: hizo bati alizokuwa akiniahidi zingetoka wapi?

Naomba nile kwanza, muendelezo unakuja.

fundi_lenta

Nimeweka jamvi. Dada endelea, hapo kwenye kozi nne tano umenigusa, sisi ndio tunasafisha mwiko na kuondoka.

binti_wa_bunju

Nimerudi. Basi mshenga akamwambia mama, mama akamwambia shangazi, shangazi akapiga simu saa kumi na mbili asubuhi: "Unamwandikia mtu talaka kabla hajakuoa?" Baada ya hapo kila kikao cha kamati ya harusi kilikuwa na dakika kumi za mimi kusemwa. Baba alikaa kimya wiki nzima, kisha akaniita pembeni akauliza kitu kimoja tu: "Na mahari niliyopokea, nayo imo humo?" Nikamwambia haimo. Akasema haya, endeleeni.

Wakili wa kwanza tuliyemwendea alikuwa na karatasi tayari kwenye kompyuta, anabadilisha majina tu, nusu saa mmemaliza. Kwenye karatasi hiyo kulikuwa na aya kuhusu boti. Tukaaga. Wa pili, mama mtu mzima, alitusikiliza wote kisha akaniuliza: "Mimi ni wakili wa nani hapa?" Nikasema wetu. Akasema hapana, akubali kuwa wangu, na mwenzangu atafute wake, tena amlipe yeye mwenyewe. Nilidhani anatafutia wenzake kazi. Nikaja kumwelewa siku rasimu ilipotoka.

Rasimu ya kwanza niliipendekeza mimi. Ilisema tukiachana, mume atarudishiwa fedha alizotumia kwenye ujenzi kwa mujibu wa risiti. Inaonekana ni haki, sivyo? Wakili wake akaisoma, akauliza swali moja: bati ya leo ikirudishwa kwa bei ya leo baada ya miaka kumi na tano, itanunua nini? Nyumba imepanda thamani, mimi nimebaki nayo, yeye anapewa hela ya kununua misumari. Niliona aibu, maana sikuwa nimekusudia kumpunja.

Tukaandika upya. Mthamini alikuja kuliona pagale kabla ya harusi na kuandika thamani yake kama lilivyo. Picha kumi na mbili zikaambatanishwa, mpapai ukiwemo. Kila kitakachoingia baada ya hapo kinaandikwa kwenye daftari, na jina la aliyetoa. Ikitokea la kutokea, Mungu apishe mbali, nyumba inathaminiwa upya na kila mtu anapata sehemu ya thamani ya siku hiyo kwa uwiano wa alichoweka. Kiwanja kinabaki changu na mimi ndiye wa kwanza kupewa nafasi ya kununua sehemu yake. Deni lake la Saccos ni lake, langu la kikoba ni langu, na mkopo wowote mpya ambao hatujasaini wote ni wa aliyeusaini.

Kurasa tatu na nusu. Mawakili wawili, mashahidi wawili, kila ukurasa tumeweka sahihi.

Sasa, wakili wangu alinionya nisiushike kama rungu. Kenya wana kifungu kinachoutaja mkataba wa kabla ya ndoa moja kwa moja. Sisi tuna yale maneno ya "makubaliano ya wazi" kwenye 58, na mahakama bado ina mamlaka yake ya 114. Kwa hiyo alisema tuuone kama ushahidi uliotayarishwa mapema, watu wakiwa bado wanapendana na hawana sababu ya kudanganya. Watoto huwezi kuwagawa kwa mkataba, mahakama itaangalia maslahi ya mtoto siku hiyo. Nyumba mnayoishi, hata kama iko kwa jina la mmoja, kifungu cha 59 hakimruhusu kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Na mkataba huu si wosia.

Naomba kuwasilisha. Karibuni kwa maswali, hata matusi ya wastani.

nyundo_ya_mbao

Mimi nitakuwa mkweli. Mwanamke akiniletea kaunta buku kwenye chipsi, nalipa chipsi naondoka. Ndoa ni imani. Babu zetu walioa bila wakili na walikaa miaka hamsini.

mzee_wa_baraza

Nyundo, mwanangu, babu yako hakuoa bila mkataba. Mahari ilihesabiwa mbele ya mashahidi wa pande mbili, ikasemwa ng'ombe wangapi wamekuja na wangapi bado, na bibi yako akirudi kwao kulikuwa na kanuni ya nini kinarudishwa. Wakili hakuwepo. Mkataba ulikuwepo, ila uliwekwa vichwani mwa wazee, na wazee hao wamekufa.

Mimi nilikaa baraza la kata miaka mingi. Kwa wasiojua, kabla hujafungua shauri la talaka mahakamani, sheria inataka kwa kawaida mpite kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, na mambo mengi ya pagale yalianzia kwetu. Wanandoa wanakaa mbele yako, kila mmoja anaapa kwamba ndiye aliyenunua saruji.

Nimwongezee dada wa Bunju jambo moja ambalo vijana wanalisikia nusunusu. Mada kama hizi watu huitaja sana kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983, Jaji Mkuu akiwa Nyalali. Ndiyo iliyosema kazi za nyumbani za mke zinahesabika kuwa mchango katika mali iliyochumwa. Kabla ya hapo majaji walikuwa wamegawanyika, wengine wakisema mama wa nyumbani anatimiza wajibu wake tu. Wanachosahau ni mwisho wake. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu, kwa sababu mahakama iliona mumewe alishampa fedha za mradi wa familia na yeye akazitapanya, basi fungu lake likahesabiwa limeshakwenda huko. Aliwashindia wanawake wote wa nchi hii kanuni, akarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo hata daftari la hela za mradi liandikwe, lisiwe la bati tu.

fundi_lenta

Mzee umesema kweli tupu. Mimi nimeitwa mahakamani mara mbili kama shahidi, si kwa kesi yangu. Naulizwa: "Fundi, nani alikuwa anakulipa?" Sasa mimi nitajuaje? Hela inatoka kwenye simu ya mwanaume, lakini siku nyingine mke ndiye anakuja saiti na vocha ya mchanga, na kila siku chakula cha mafundi anapika yeye. Nilisema hivyohivyo nilivyoona. Wote wawili walininunia.

Ushauri wangu wa kifundi: piga picha ya msingi kabla haujafukiwa. Kule ndani ndiko hela nyingi imelala na hakuna mtu anaweza kuiona tena.

mama_wawili

Mimi nitaharibu sherehe kidogo. Mkataba wa namna hii niliusaini, 2014. Sitasema mkoa.

Uliletwa siku moja kabla ya sendofu. Nimekaa nasukwa, mikono ina hina, mdogo wake mume akaja na bahasha akasema kaka amesema ni utaratibu tu wa kampuni yake. Ukurasa mmoja. Ulisema kila mtu atabaki na mali iliyoandikwa jina lake. Nilisaini kwa kidole kimoja ili hina isiharibike, mpaka leo karatasi ina doa la kahawia.

Baada ya mtoto wa pili tukakubaliana niache kazi. Tulikubaliana kwa mdomo, hilo halikuandikwa popote. Miaka saba nimelea, nimesimamia ujenzi wa nyumba mbili, nimekaa dukani kwake kila mwisho wa wiki. Tulipofika njia panda, kila hati ilikuwa na jina lake, na ile bahasha ikatolewa kabatini.

Iliishia kwa wazee na si mahakamani, kwa hiyo siwezi kuwaambia hakimu angesemaje. Wazee walimwambia aone aibu, nikapata nyumba ndogo. Lakini ile sentensi ya "kila mtu abaki na kilichoandikwa jina lake" nawaomba dada zangu mkiiona mkimbie. Ni nzuri kwa watu wawili wenye mishahara wasiokusudia kuzaa. Ukishabeba mimba tu, mwenzio anaendelea kuandika jina lake kwenye vitu na wewe unaandika jina lako kwenye kadi ya kliniki.

binti_wa_bunju

mama_wawili pole sana dada. Nimesoma mara mbili. Na nakiri, mkataba wetu hauna kitu kuhusu hilo. Sisi wote tunafanya kazi tukajiona tumemaliza. Leo nitalileta mezani.

mvoi_halisi

Salamu kutoka Voi. Kwa sababu Kenya imetajwa, wacha nieleze. Sheria yetu ya Mali ya Wanandoa ya 2013, kifungu cha 6(3), inaruhusu wanaotarajia kuoana kuandikiana makubaliano ya haki zao za mali. Kisha 6(4) inasema mmoja anaweza kwenda kortini kuomba yatupiliwe mbali, na korti inaweza kufanya hivyo ikiona yalipatikana kwa ulaghai, kwa kulazimishwa, au kwamba ni ya dhuluma ya wazi. Huyo dada wa hina angekuwa huku, mimi nisiye wakili naona angekuwa na la kusema.

Na sheria hiyohiyo imeandika mchango ni nini: pesa, halafu kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara ya familia, kazi ya shamba, hata ule usuhuba wa kuwa mwenza wa mtu. Watu wakaruka juu wakasema basi ni nusu kwa nusu. Mahakama ya Juu ikawatuliza Januari 2023, kesi ya Ogentoto dhidi ya Ogentoto: hakuna nusu inayokuja yenyewe kwa sababu tu mlioana, kila mmoja athibitishe mchango wake. Kilichochekesha ni kwamba hao wawili wenyewe walibaki na nusu kwa nusu, kwa kuwa ushahidi ulionyesha wote walichangia. Magazeti yakaandika upande mmoja, huko mitandaoni wanaume wakashangilia ushindi ambao mwenzao hakuupata.

Huku kwetu pia mali uliyoipata au kuirithi kabla ya ndoa haihesabiwi kuwa ya ndoa. Lakini mwenzio akiiboresha anapata haki kulingana na alichochangia. Pagale ni pagale, hata ukivuka mpaka pale Holili.

mwana_chumbageni

Assalaam alaykum. Naona uzi unakwenda kana kwamba Waislamu hatuna jambo hili. Sisi akdi yenyewe ni mkataba, na masharti yanaingia ndani yake. Mtume (SAW) amesema, kwa maana, kwamba masharti yanayostahiki zaidi kutimizwa ni yale ya ndoa. Tatizo letu watu wa Tanga ni kwamba siku ya nikahi kila mtu ana haraka ya pilau. Mwozeshaji anauliza mahari kiasi gani, taslimu au ya deni, kwisha. Bibi harusi angeweza kuweka sharti la kuendelea na masomo, sharti la nyumba yake mwenyewe asikae na mawifi, hata akapewa talaka ya tafwidhi, yaani mume amkabidhi mke mamlaka ya kujitaliki. Lile la kutoongezewa mke maulamaa wamehitilafiana, wa madhehebu ya Hanbali wanalikubali, wengine wanasema ndoa inasihi na sharti halimfungi mume, kwa hiyo muulize sheikh wako mapema, si ukumbini.

Halafu mali ya mke kwetu ni ya mke. Akikupa bati zake uandike kama ni zawadi, mkopo au ushirika, maana hivyo ni vitu vitatu tofauti na kila kimoja kina hukumu yake. Wanaume wengi tunakula mkopo tukidhani ni zawadi.

nyundo_ya_mbao

Hiyo ya zawadi, mkopo au ushirika imenikaa. Sijabadili msimamo lakini imenikaa.

mwana_kivu

Miye niko Bukavu. Ninyi mnashangaa kitu ambacho huku ni swali la kawaida. Siku ya kuoana mbele ya afisa wa etasivili (anayesajili ndoa), mnaambiwa mchague utaratibu wa mali. Sheria yetu ya familia ya 1987 ina tatu: kila mtu na mali yake, au kuchanganya zile tu mlizopata ndani ya ndoa, au kuchanganya zote kabisa. Usipochagua, unawekwa kwenye ule wa katikati. Ng'ambo ya mto Ruzizi, Rwanda, nako wanaooana wanachagua utaratibu wa mali.

Ila nisiwadanganye. Wengi wanachagua bila kufahamu. Afisa anauliza, watu wanajibu "tunachanganya zote!" na ukumbi unapiga makofi, kwa sababu nani atasema "kila mtu na yake" mbele ya mama mkwe? Mukaka yangu alichanganya zote kwa makofi hayo. Bibi yake, yaani mke, alikuwa na deni.

mdau_wa_elbe

Nipo Hamburg, nimemuoa Mjerumani. Huku bila mkataba kila mtu anabaki na mali yake, lakini ndoa ikivunjika wanapima kila mmoja aliongezeka kiasi gani ndani ya ndoa, na aliyeongezeka zaidi anamgawia mwenzake nusu ya tofauti. Ukitaka vingine lazima mwende kwa notari, mwanasheria anayethibitisha mikataba, karatasi ya kuandikiana wenyewe haina nguvu.

Notari aliusoma mkataba wote kwa sauti, neno kwa neno, kurasa kumi na moja, kama khatibu. Kijerumani changu wakati ule kilikuwa cha kununulia mkate, kwa hiyo ilibidi mkalimani akae pale anitafsirie kila aya. Ilichukua karibu saa mbili nzima. Nilikuwa nimekasirika. Siku hizi nikikumbuka naona ndiyo siku pekee ambayo mtu aliniuliza "umeelewa?" akasubiri jibu.

Uingereza wao walikuwa hawaipi uzito mkubwa mikataba hii mpaka 2010, kesi ya Radmacher na Granatino: mke Mjerumani tajiri, mume Mfaransa aliyesaini bila kutafuta wakili wake. Mahakama ya Juu ikasema mtu akiingia kwa hiari na akielewa maana yake, mkataba uheshimiwe isipokuwa uwe si wa haki. Mwaka 2014 tume yao ya sheria ikapendekeza usainiwe angalau siku 28 kabla ya harusi. Fikirieni hizo siku 28, kisha mkumbuke mikono yenye hina.

kaka_mkubwa_tbr

Maswali mawili. Shamba la mzee wangu Tabora, sisi watoto tunalima tu, mke wangu anaweza kulidai? Pili, kuna jamaa yangu (siyo mimi) anaishi na mwanamke mwaka wa tano, ndoa hawajafunga. Hii habari inamhusu?

mzee_wa_baraza

Shamba la baba yako ni la baba yako, wewe mwenyewe huna, mkeo atalidai vipi? Likija kuwa lako na mkeo akalilima nawe miaka ishirini, akapanda miembe, tutaongea upya.

Huyo jamaa yako mwambie asome kifungu cha 160. Mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, wakaonekana na jamii kuwa ni mume na mke, sheria inadhani wameoana mpaka ithibitishwe vingine, na mahakama inaweza kutoa amri za matunzo na mengineyo. Mwambie pia asijifiche nyuma yako.

mama_wawili

😂😂 Mzee!

binti_wa_bunju

Nimerudi na mrejesho, sikulala bila kuongea naye. Nilimsomea ujumbe wa mama_wawili neno kwa neno. Alinyamaza, akaniuliza doa la hina lilitokaje, nikarudia. Tumekubaliana tuongeze ukurasa. Tumeandika kwamba ikitokea mmoja wetu ameacha kazi kwa makubaliano ili alee, au amuuguze mzazi wa upande wowote, basi kwa miezi yote hiyo michango ya ujenzi itaandikwa nusu kwa nusu hata kama hela yote imetoka mfuko mmoja. Yeye ndiye aliyesema neno "mzazi", mimi nilikuwa nafikiria watoto tu. Mama yake ana sukari.

Ni baada ya ndoa sasa, kwa hiyo mawakili wote wawili wataupitia kama nyongeza ya makubaliano, Jumamosi tunakwenda. Wangu ameshasema atatoza nusu ya bei.

Shangazi naye, kwa waliouliza inboksi: wiki iliyopita alinipigia tena saa kumi na mbili asubuhi. Nikajua matusi yamerudi. Akauliza yule mama wakili anapatikana siku gani, maana ana mtu anataka kumwoa na yeye ana nyumba ya kupangisha Mbagala.

fundi_lenta

Hongera kwa shangazi. Sasa dada, uzi mzima nasubiri, hujasema: mlipaua au bado? Na kama mlipaua, bati geji ngapi?

binti_wa_bunju

Tulipaua Julai. Geji 28, migongo mipana, rangi ya maruni. Mia moja na kumi na nne, zake themanini, zangu thelathini na nne, imo kwenye daftari ukurasa wa sita. Mpapai aling'oa yeye mwenyewe, akaupanda nyuma karibu na shimo la maji. Umeshika.